Safari ya Oksijeni Kufika Igawa

Mwishoni mwa Septemba 1918 kikosi cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kilivuka Mto Ruvuma kikitokea Msumbiji, kikapita Songea na kupanda hadi Ubena, nchi ambayo leo ni Njombe. Kilikuwa kimepigana miaka minne, kimechakaa, na Waingereza walikuwa wakikifuata. Huko milimani kilikutana na adui ambaye hakupangiwa mkakati wowote. Mafua yaliyokuwa yakiizunguka dunia mwaka huo yaliwashika askari na wapagazi, homa ikapanda, kikohozi kikashuka kifuani, na kwa wengi kikageuka kichomi. Waliokuwa hawawezi tena kutembea waliachwa. Jenerali Kurt Wahle, mmoja wa maofisa wakuu wa Kijerumani, aliachwa Ubena akiwa mgonjwa na kuangukia mikononi mwa Waingereza. Jina lake liliandikwa. Majina ya wapagazi walioachwa hapohapo hayakuandikwa.

Waliobaki wakashika njia ya Usangu na Mbozi, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba wakasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi. Mafua hayakusalimu amri. Yalienea vijijini kusini-magharibi mwa Tanganyika, yakaua watu wakati wa kulima, na njaa ikafuata.

Igawa ya leo iko ukingoni mwa tambarare hiyo ya Usangu, pale barabara kuu ya Zambia inapoteremka kutoka Makambako na kuingia kwenye nchi ya mpunga ya Mbarali. Kwa miaka mingi ilikuwa mpakani mwa Mikoa ya Iringa na Mbeya. Tangu Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, ng'ambo imekuwa Njombe. Mtu akizidiwa usiku hapa, ndugu hukaa wakashauriana: wampeleke Rujewa kwenye hospitali ya wilaya, au Chimala kwa hospitali ya misheni ya Kanisa la Kristo, au wageuke upande wa pili hadi Ilembula kwa Walutheri, au waende moja kwa moja Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, zaidi ya kilomita 100. Uamuzi huo mara nyingi hutegemea gari lililopatikana. Lakini kwa mgonjwa mwenye nimonia kali, ambaye mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, yako maswali mawili yanayoamua kama atarudi nyumbani: je, huko aendako kuna oksijeni, na atapewa kwa njia gani?

Swali la kwanza limeandikiwa mengi. La pili ndilo lililonisukuma kuandika historia hii, kwa sababu jibu lake limewashangaza hata wataalamu, na sehemu kubwa ya jibu hilo imepatikana kwa majirani zetu, Malawi, Uganda na Kenya.

Tuanze na mapafu yenyewe. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa vinajaa usaha na majimaji, na oksijeni inashindwa kupenya kuingia kwenye damu. Dawa huua vijidudu, lakini huhitaji muda, siku moja, mbili, wakati mwingine tatu. Kazi ya oksijeni ni kumnunulia mgonjwa muda huo. Ukiongeza kiasi chake katika hewa anayovuta, ile sehemu ya mapafu iliyobaki nzima itapitisha zaidi. Oksijeni haiponyi nimonia. Humzuia mtu asife kabla dawa haijafanya kazi.

Wakati wapagazi wale wanakufa Ubena, jambo hili lilikwisha kujulikana Ulaya. Joseph Priestley, Mwingereza, aliitenga gesi hiyo mwaka 1774, na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameipata kabla yake. Lavoisier, Mfaransa, ndiye aliyeipa jina. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla hospitali hazijaitumia kwa maana. Sababu moja ni kwamba haikuwako kwa wingi, hadi Carl von Linde alipobuni njia ya kupoza hewa mpaka iwe kimiminika, mwaka 1895, na kisha kuitenganisha. Sababu nyingine ni namna ilivyotolewa. Madaktari walipitisha faneli mbele ya uso wa mgonjwa kwa dakika chache, wakaondoka, gesi nyingi ikapotelea chumbani, na mgonjwa akafa vilevile. Wakahitimisha kwamba haifai.

Aliyeliona kosa hilo ni John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskoti. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walitumia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, na mapafu ya askari yakaungua. Haldane alitumwa Ufaransa kuchunguza. Mwaka 1917 alichapisha maelezo ya chombo cha kutoa oksijeni kwa kipimo: barakoa, mfuko wa kuhifadhi, vali, na mita ya kuonyesha ni lita ngapi zinapita kwa dakika. Alisisitiza mambo mawili, kwamba itolewe mfululizo na kwamba ipimwe. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia ya njia za kutoa oksijeni inapoanza kweli, kwa sababu ndipo mtu alipoacha kuuliza kama gesi inafaa, akauliza inamfikiaje mgonjwa.

Tanganyika ilisubiri. Mwaka 1950 ilianzishwa Dar es Salaam kampuni ya East African Oxygen, ambayo baadaye ikawa Tanzania Oxygen Limited, TOL kwa kifupi, na mwaka 1998 ikawa kampuni ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa miongo mingi oksijeni ya hospitali na ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma zilikuwa na chanzo kilekile cha mitungi. Ili mtungi ufike Usangu ulipaswa kusafiri takriban kilomita 700. Baada ya Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965 na Zambia kuanza kupitishia mafuta yake kwetu, madereva waliita njia hii njia ya jehanamu, kwa matope yake na kwa malori yaliyoangukia makorongoni. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya muongo huo, ikipita Makambako, Rujewa na Chimala. Mitungi ikaweza kupanda haraka zaidi, lakini mitupu ilipaswa kuteremka tena kujazwa. Nikitazama ramani ya mkoa huu jambo moja huniuma: kule Rungwe, kampuni hiyohiyo inavuna kabonidayoksaidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkeno, nayo huingia kwenye soda. Gesi ya vinywaji ilipatikana palepale Mbeya. Gesi ya kupumua ilitoka pwani.

Mtungi mkubwa wa hospitali humfika mtu mzima kifuani. Kwa desturi ya Waingereza tuliyorithi, mwili wake ni mweusi na mabega ni meupe. Juu kuna geji ya kuonyesha kilichobaki, na kando yake bomba dogo la kioo ambamo kijipira kinaelea: kikisimama kwenye 1, mgonjwa anapata lita moja kwa dakika, kikisimama kwenye 5, lita tano. Ndani ya mtungi uliojaa mna kama lita 6,800. Kwa mtoto mchanga anayetumia lita moja kwa dakika, huo unamtosha karibu siku tano. Kwa mtu mzima mwenye barakoa ya lita 10, ni saa 11 hivi. Kwa mashine za kisasa zinazosukuma hadi lita 60 kwa dakika, zikiwekwa kwenye oksijeni tupu, mtungi mzima unaisha kabla ya saa mbili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo siasa yote ya oksijeni katika hospitali ya wilaya. Ukimwekea mgonjwa mmoja mashine kubwa unaweza kuwanyang'anya wengine kumi.

Vifaa vyenyewe havina fumbo. Mipira miwili midogo ya puani, yenye mtiririko wa lita moja hadi tano, humpa mtu mzima hewa yenye oksijeni hadi asilimia 40 hivi, na bado anaweza kula, kuongea na kukohoa. Barakoa ya kawaida hupandisha zaidi. Barakoa yenye mfuko wa akiba, kwa lita 10 hadi 15, inaweza kukaribia asilimia 90, lakini mfuko ukilegea kwa sababu mtiririko umepunguzwa, mgonjwa anavuta tena hewa chafu yake mwenyewe. Hapo ndipo njia za kawaida zinapoishia. Mgonjwa akiendelea kuzama, hatua inayofuata ni kumsaidia kwa msukumo, siyo kwa gesi peke yake.

Msukumo huo ulijifunza kutembea Copenhagen, mwaka 1952. Polio ilizuka, na hospitali ya Blegdam ikajaa watu, wengi wao watoto, waliopooza misuli ya kupumua. Mashine za wakati huo, zile za chuma zinazomfunika mgonjwa, zilikuwa chache. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekewa mashine, 27 walikufa. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo, wawekewe mpira, na mtu akae kando akiminya mfuko wa hewa kwa mkono. Mashine ya kuminya haikuwako, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao kama 1,500, wakaminya kwa zamu, mchana na usiku, kwa miezi. Vifo vikashuka hadi karibu robo ya wagonjwa. Watu husema hapo ndipo ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ilipozaliwa. Ni kweli, ila ICU ya kwanza haikuwa na kompyuta hata moja. Ilikuwa na mtu mmoja kwa kila kitanda, ambaye hakuruhusiwa kulala.

Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco waligundua kwamba watoto njiti wanaopumua wenyewe wanasaidika ukiacha msukumo mdogo usiokatika ndani ya mapafu, ili vifuko visijifunge mwishoni mwa kila pumzi. Njia hiyo inaitwa CPAP, na aina yake rahisi kuliko zote hutumia chupa ya maji. Oksijeni inaingia puani kwa mpira uliobana vizuri, hewa inayotoka inapitia mpira wa pili, na mwisho wa mpira huo umezamishwa majini. Ukiuzamisha sentimita tano, mgonjwa lazima asukume maji ya kina hicho kila anapotoa pumzi, na huo ndio msukumo wenyewe. Chupa hutoa mapovu mfululizo. Mapovu yakikoma, mpira umechomoka puani au umeziba, na nesi anapaswa kwenda mara moja.

Mohammod Jobayer Chisti wa Bangladesh aliona watoto watatu wakifa kwa nimonia mbele yake mwaka 1996, akiwa daktari mwanafunzi Sylhet. Miaka baadaye, katika hospitali ya utafiti ya Dhaka, alitengeneza chombo cha aina hiyo kwa chupa tupu ya shampuu. Kisha akakipima. Kuanzia Agosti 2011 hadi Julai 2013 watoto 225 wa chini ya miaka mitano wenye nimonia kali waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: mapovu, mipira ya puani ya kawaida, na mtiririko mkubwa wa hewa yenye joto na unyevu. Kati ya watoto 79 wa mapovu walikufa watatu. Kati ya 67 wa mipira ya kawaida walikufa 10. Kati ya 79 wa mtiririko mkubwa walikufa pia 10. Kamati ya usalama ikasimamisha utafiti mapema, kwa kuwa vifo kwenye mipira ya kawaida vilikuwa vingi mno. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, na kote Afrika watu wakaanza kuagiza chupa za mapovu.

Ng'ambo ya Kasumulu, mpaka wa Mbeya na Malawi, jambo hilohilo lilikuwa linapimwa upya. Salima ni wilaya ya kando ya Ziwa Nyasa, hospitali yake ni ya wilaya kama ya kwetu, yenye wauguzi na matabibu wengi kuliko madaktari. Kuanzia 2015 hadi 2018 watafiti waliandikisha watoto 644 wenye nimonia kali waliokuwa pia na utapiamlo, au VVU, au oksijeni ya chini sana kwenye damu. Nusu walipewa mapovu, nusu mipira ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Kwenye mapovu walikufa watoto 53 kati ya 321, yaani asilimia 17. Kwenye mipira ya kawaida walikufa 35 kati ya 323, asilimia 11.

Soma tena tarakimu hizo. Kifaa kilichowaokoa watoto wa Dhaka kiliendana na vifo vingi zaidi Salima.

Chupa ilikuwa na kazi ileile na maji yaleyale. Tofauti ilikuwa wodi. Dhaka palikuwa na madaktari saa zote, wanaofahamu njia hiyo, waliomtazama mtoto, wakabadili, wakamwondolea, wakamtoa makohozi, wakaona tumbo limejaa hewa kabla hajatapika na kuvuta matapishi mapafuni. Salima hapakuwa na daktari wa kuwasimamia watoto hao kila siku, na watoto wenyewe walikuwa dhaifu zaidi kwa njaa na magonjwa mengine. Watafiti hawakupata chanzo kimoja cha kulaumiwa, na mimi sitajifanya ninacho. Lakini Shirika la Afya Duniani lilichukua funzo la wazi: mapovu yatumike pale penye usimamizi wa karibu wa daktari, si kila mahali penye chupa.

Utafiti wa tatu ni wa nyumbani kabisa. Profesa Kathryn Maitland, mwenye makao Kilifi katika kituo cha KEMRI na Wellcome, alikwisha kuwatikisa madaktari wa watoto mwaka 2011 alipoonyesha, kwa watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo wa Hospitali ya Teule, Muheza, kwamba kumwagia maji mengi ya mshipani mtoto aliyezidiwa kwa homa kali kunaongeza vifo, ilhali vitabu vingi viliamuru hivyo. Mwaka 2017 alianza kuihoji oksijeni. Watoto wa Uganda na Kenya, kuanzia umri wa mwezi mmoja, walipewa ama mtiririko mkubwa ama wa kawaida. Wale ambao oksijeni ya damu haikushuka chini ya asilimia 80 walikuwa na kundi la tatu, ambalo halikupewa kitu hadi washuke.

Utafiti huo ulikatishwa mwaka 2020 ukiwa na watoto 1,842 badala ya 4,200 waliokusudiwa, kwa hiyo majibu yake ni ishara, si hukumu. Ishara zenyewe ni hizi. Kwa watoto walioshuka chini ya asilimia 80, ndani ya saa 48 walikufa asilimia 9.3 ya wenye mtiririko mkubwa na asilimia 13.4 ya wenye mipira ya kawaida. Kwa waliokuwa kati ya 80 na 91, vifo vilikuwa vichache katika makundi yote: 1.1, 2.5, na 1.4 kwa wale ambao hawakuanzishiwa oksijeni. Mganga wa hospitali yenye mitungi miwili ana la kujifunza hapo. Mitungi ikiwa michache, mtoto wa kwanza kuwekewa oksijeni ni yule wa chini kabisa.

Lakini utajuaje nani yuko chini kabisa? Kwa macho huwezi. Midomo hubadilika rangi baada ya hali kuharibika sana, na kwenye ngozi nyeusi na taa hafifu ya wodi hata hapo unaweza usione. Kipimo cha kidoleni, kile kidude chenye taa nyekundu, kilitokana na wazo la Takuo Aoyagi, mhandisi wa Kijapani, mwaka 1974. Kwa maoni yangu kimeokoa watu wengi kuliko mashine yoyote ya kupumulia. Papua New Guinea walikipeleka pamoja na konsentreta kwenye hospitali tano. Konsentreta ni mashine inayovuta hewa ya chumbani, ikaipitisha kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni, na kutoa oksijeni ya asilimia 90 na ushee, haitaki mtungi wala lori, inataka umeme tu. Vifo vya watoto kwa nimonia katika hospitali hizo vilipungua kwa asilimia 35. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Hapakuwa na mapovu, wala ICU. Kilichokuwapo ni mipira ya puani, kipimo, na wauguzi waliofundishwa kuvitumia.

Kwetu kipimo hicho kina neno la ziada. Nyanda za Juu zina jina linalosema ukweli. Mbeya mjini ni takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Makete zinapita 2,000, ambako msukumo wa hewa umeshuka kwa kama asilimia 20. Mtoto mzima kabisa wa Makete anaweza kusoma pointi kadhaa chini ya mwenzake wa Tanga, na mgonjwa anayepandishwa mlimani kwa rufaa anaweza kushuka zaidi akiwa ndani ya gari. Anayempeleka mgonjwa wa namna hiyo bila oksijeni ndani ya gari amemfanyia rufaa ya hatari.

Kisha ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kabla ya nusu ya kwanza ya mwaka kwisha takwimu zilikoma kutolewa, kesi 509 na vifo 21 zikabaki kwenye vitabu vya dunia kwa zaidi ya mwaka. Watu walijifukiza nyungu. Sina neno baya kwa nyungu, mvuke huwapa wengi nafuu ya pua iliyoziba, na katika kipindi kile ulikuwa pia faraja. Lakini mvuke haubadilishi kiasi cha oksijeni kwenye damu, na mgonjwa aliyefika asilimia 80 hakuwa na dakika za kupoteza chini ya blanketi. Tarehe 28 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wahariri kwamba nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 100, na kama 70 kati yao walikuwa kwenye oksijeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu taifa kusikia hesabu hiyo ikisemwa hadharani, na ilisemwa kwa kipimo sahihi: si wangapi wanaumwa tu, bali wangapi wanahitaji hewa.

Afrika kwa ujumla ililipa gharama kubwa. Hospitali 64 katika nchi 10 zilifuatilia zaidi ya wagonjwa 3,000 mahututi wa korona. Takwimu zilizochapishwa Mei 2021 zilionyesha kwamba asilimia 48 walikufa ndani ya siku 30, dhidi ya asilimia 31 hivi duniani. Wakati huohuo Uingereza ilipata nafasi ya kulinganisha njia kwa watu wazima, wagonjwa 1,273. CPAP ilipunguza idadi ya waliokufa au kuwekewa mpira wa koo kutoka asilimia 44 hadi 36. Mtiririko mkubwa haukuonyesha tofauti na oksijeni ya kawaida. Miaka michache nyuma Ufaransa ilikuwa imepata jibu lingine: katika wagonjwa 310 wenye mapafu yaliyoshindwa ghafla, wengi wao kwa nimonia, waliopewa mtiririko mkubwa ndio waliokufa wachache. Wataalamu bado wanabishana, na wana haki ya kubishana. Mbinu moja isiyo na bei ilikubalika karibu kila mahali, nayo ni kumlaza kifudifudi mgonjwa wa korona aliye macho, ili sehemu ya nyuma ya mapafu ifunguke.

Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutoka mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Mitambo hiyo ni konsentreta kubwa, yenye uwezo wa kujaza mitungi. Kwa ukanda ambao kwa nusu karne ulisubiri lori kutoka pwani, hayo ni mapinduzi, na waliofanya uamuzi huo wanastahili sifa. Mei 2023 mataifa wanachama yakapitisha azimio la Shirika la Afya Duniani kuhusu oksijeni ya tiba. Tangu 2017 ilikwisha kuingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa wenye upungufu wake, baada ya kukaa humo miaka mingi kama kitu cha chumba cha upasuaji peke yake.

Hata hivyo mtambo wa mkoani hauwezi peke yake kufika Igawa. Katika uchunguzi wa siku moja uliofanywa kwenye hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, matokeo yake yakatoka mwaka 2025, mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa mahututi hao hawakuwa ICU. Walikuwa wodi za kawaida, pamoja na wenye kuvunjika miguu na wanaosubiri kuruhusiwa. Kati ya waliokuwa wameshindwa kupumua, waliokuwa kwenye oksijeni walikuwa asilimia 48 tu. Wengine walikuwa vitandani, ndani ya hospitali, na hawakuwekewa. Pengine gesi haikuwako, pengine kipimo hakikuwako, pengine aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na vitanda 40.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na niko tayari kuutetea mbele ya kikao chochote cha halmashauri. Hospitali ya wilaya isianze na mashine ya mtiririko mkubwa wala chupa za mapovu. Ianze na vipimo vya kidoleni vya kutosha kila wodi na kila zamu, mipira ya puani ya saizi zote hadi ya kichanga, konsentreta zenye jenereta nyuma yake na mitungi ya akiba kwa saa ambazo umeme umekatika, na fundi wa vifaa tiba wa kuzitunza na kusafisha vichujio vyake. Iajiri wauguzi wa usiku. Hapo ikisimama, na daktari akiwepo wa kumtazama mtoto kila siku, mapovu yaletwe, kwa sababu Dhaka imethibitisha yanavyoweza. Yakiletwa kabla ya hapo, Salima imethibitisha vilevile.

Wewe unayesoma, kama una mtoto au mzee anayekohoa na sasa mbavu zinabonyea, pua zinatanuka, hawezi kunyonya au hawezi kumaliza sentensi, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha karibu, na ukifika omba jambo moja kwa adabu lakini bila kusita: apimwe oksijeni kidoleni hapohapo, kabla ya daftari, kabla ya malipo. Na kama wewe ni diwani, uliza kwenye kikao kijacho cha bajeti ni wodi ngapi za halmashauri yako zina kipimo hicho kinachofanya kazi leo.